Je, wajua kwa nini kulima kila msimu hupunguza mboji shambani, yaani masalia ya mimea na viumbe yaliyooza ndani ya udongo?

Shamba lililopumzika miaka mingi likilimwa kwa plau, zao la kwanza hustawi ajabu. Sifa humwendea plau, ingawa hakuna alichoongeza ardhini. Amefungua ghala tu, na wa kwanza kuingia ni bakteria na kuvu.

Chukua kidonge cha udongo mkavu kutoka ardhi isiyolimwa, kikubwa kama harage, ukitumbukize taratibu kwenye glasi ya maji. Mara nyingi hukaa kizima kwa dakika kadhaa. Cha shamba linalotifuliwa kila msimu huanza kumeguka upesi na maji yakachafuka. Kilichopungua ni gundi: ute wa bakteria, nyuzi za kuvu na vimizizi vyembamba vinavyoshikanisha chembe za udongo. Ndani ya vidonge hivyo masalia ya mimea hujificha, oksijeni na vijidudu visiyafikie kwa urahisi. Plau na haro (chombo cha kupondaponda madongoa) huvivunja, hukata nyuzi za kuvu na kuingiza hewa. Vijidudu hula mboji iliyokuwa imehifadhika, hutoa nitrojeni (ndiyo hiyo zao la kwanza linaineemekea), na kaboni hupaa ikiwa kaboni dioksidi. Zaidi kidogo ya nusu ya mboji ni kaboni, kwa hiyo kinachopaa ndicho kiini chake.

Mabaki ya mazao yaliyofukiwa nayo huoza haraka kuliko yaliyoachwa juu, kwa kuwa hugusana na udongo wenye unyevu. Udongo ukibaki uchi, mvua huchukua tabaka la juu, lenye mboji nyingi kuliko yote.

Basi tuache kutifua? Hapa sifa za kilimo hifadhi, yaani kulima bila kutifua au kwa kutifua kidogo tu, wakati mwingine hutiwa chumvi. Shamba lisilotifuliwa hukusanya mboji zaidi kwenye sentimita 10 za juu, lakini ukichimba hadi sentimita 30 au zaidi, mara nyingi tofauti ya jumla ni ndogo, maana plau hufukia mabaki kule chini. Hata hivyo mboji ya juu ndiyo inayopokea matone ya mvua na kuyasaidia maji kuzama, na hiyo kwangu ni sababu tosha. Ila kama mabaki yote yanabebwa kulishia mifugo na samadi hairudi, kuacha kutumia plau tu hakutoshi kujenga mboji. Na anayetaka kujua kama inaongezeka apime kwa kina kilekile kila mara, baada ya miaka kadhaa. Msimu mmoja hauonyeshi kitu.