Methodi ya mistari 412: wanayosema watu na ukweli wake

Msimu uliopita niliitwa Moshi nikaangalie programu ya malipo ya wakulima wa kahawa. Methodi moja (kipande cha programu chenye jina na kazi yake), kokotoaMalipo, ilikuwa na mistari 412: inapokea kilo, inatafuta daraja la ubora, inakata mkopo wa pembejeo, inakata ushuru, inahifadhi, mpaka SMS inatuma yenyewe. Kijana aliyenikabidhi akanionya, "Kaka, hiyo inalipa watu. Usiiguse."

"Inafanya kazi, usiiguse." Ilifanya kazi mpaka kiwango cha makato kilipobadilika. Kilikuwa kimeandikwa sehemu tatu ndani ya methodi ileile, wakabadilisha mbili. Mzee mmoja akashuka kutoka Kibosho na stakabadhi yake na ya jirani: kilo sawa, daraja sawa, pesa tofauti. Karani hakuwa na jibu, na mimi ilinichukua siku nzima kuliona.

"Kusafisha msimbo ni nafasi ya kurekebisha kila kitu." Hapana. Msimbo ni maandishi yenyewe ya programu. Unafumua na kusuka upya ndani, matokeo yanabaki yaleyale, hata yale yenye kasoro. Nilichukua stakabadhi 20 za zamani nikazifanya majaribio: methodi itoe tarakimu zilezile kabla na baada. Kisha nikatoa kipande kimoja kimoja, kwanza hesabu ya makato, nikiendesha majaribio kila mara. Masharti ("ikiwa hivi, fanya vile") yaliyopandana ngazi tano niliyageuza: mkulima hajasajiliwa? Toka kwenye methodi hapohapo. Kilo ni sifuri? Toka. Kosa lililomleta yule mzee nililisahihisha kesho yake, peke yake, ili likizua jambo nijue limetoka wapi.

"Ukiikatakata, programu inakuwa nzito." Kwenye Java, lugha iliyoandikiwa programu hii, inaweza kuwa kinyume. HotSpot, programu inayoendesha Java, kwa mpangilio wake wa kawaida haitafsiri kuwa lugha ya kompyuta yenyewe methodi inayozidi baiti 8,000 za baitikodi (umbo la kati ambalo Java hugeuzwa kwanza), inaiacha ijikokote. Vijimethodi vinavyoitwa mara nyingi inavimeza ndani ya vilivyoviita, gharama ya kuita inapotea.

"Fupi ndiyo safi." Hii ndiyo inayoniudhi zaidi, maana wanaoisema wanajiona wameelimika. Mtaalamu wa programu Thomas McCabe mwaka 1976 alipendekeza kuhesabu njia zinazojitegemea zinazopita ndani ya msimbo, akaweka 10 kuwa kikomo cha juu kinachofaa. Njia, si mistari. Mistari 60 inayoteremka moja kwa moja inasomeka. 15 yenye masharti ndani ya masharti inaumiza kichwa. Na ukikata halafu ukaita sehemuYaKwanza na sehemuYaPili, umemhamishia msomaji mzigo tu. Kipande kikidai jina kama kataMkopoNaTumaSms, bado ni viwili.

kokotoaMalipo sasa ina mistari 19. Ya kutuma SMS bado ni mbaya vilevile. Haijabadilishwa miaka mitatu na hakuna anayeifungua, nimeiacha.