Je, wajua kwa nini kuku wa deli hushushwa bei jioni, na jinsi anavyoweza kulisha familia siku tatu?

Ingia supamaketi kubwa ya Marekani mida ya saa mbili usiku, upite mpaka kaunta ya deli, ile sehemu inayouza vyakula vilivyokwisha kupikwa. Humo utamkuta kuku mzima wa kuchoma, yule anayezungushwa kwenye chuma mbele ya moto, amebandikwa kikaratasi cha rangi kinachosema bei imeshuka. Mtu aliyetoka kwetu karibuni humtazama kwa mashaka. Tumelelewa tukiambiwa rahisi inavunja upishi, na nyama iliyopikwa inayouzwa kwa bei ya chini usiku, mtu atawaza nini zaidi ya kwamba imeanza kuchacha?

Haijachacha. Kilichomshusha bei ni saa ya ukutani.

Kuku akitoka motoni huingizwa kwenye kabati la moto. Kanuni za mfano za FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ambazo majimbo huzitumia kutunga sheria zao, zinataka chakula cha moto kisishuke chini ya nyuzi 57 za Selsiasi na cha baridi kisizidi nyuzi 5. Kati ya hapo na hapo ndipo bakteria wanapozaana. Ndani ya kabati kuku yuko salama, ila anazidi kukauka, na akikaa sana kidari chake kinakuwa kama pamba. Kwa hiyo maduka mengi humwandikia muda aliotoka motoni na kumpa masaa machache tu ya kukaa humo, mara nyingi manne. Yakiisha, duka lina njia chache: kumpoza na kumuuza wa baridi kwa bei ya chini, kumchambua minofu ikatengenezewe saladi au supu hapo hapo deli, kumpa shirika linalogawa chakula, au kumtupa. Kumtupa ni hasara tupu, na hata dola mbili ni afadhali. (Ufaransa ilikwenda mbali zaidi: tangu 2016 sheria inakataza supamaketi kubwa kuharibu chakula ambacho bado kinalika. Natamani nchi nyingine ziige.)

Tena kuku huyu alikuwa rahisi tangu mwanzo. Maduka mengi humtumia kama chambo: mteja anaingia kwa ajili yake, anatoka na kikapu kimejaa. Costco imemuuza kwa dola 4.99 tangu 2009, huuza zaidi ya milioni 100 kwa mwaka, na mwaka 2019 ilifungua kiwanda chake cha kuku huko Fremont, Nebraska, ili bei hiyo isipande. Si ajabu kumkuta aliyepikwa ana bei ndogo kuliko mbichi.

Kuna jambo jingine ambalo familia nyingi zinazoanza maisha huko hulijua kwa kukataliwa kwenye malipo. Kadi ya SNAP, msaada wa chakula wa serikali kuu, kwa kawaida hairuhusiwi kununulia chakula cha moto kilicho tayari kuliwa. Kuku aliye kwenye kabati la moto hanunuliki kwa kadi hiyo. Kuku huyo huyo akishapozwa na kuwekwa kwenye friji la dukani, ananunulika. Kwa mama mwenye watoto wanne na kadi hiyo mkononi, kuku wa baridi wa jioni ana faida mbili: bei imeshuka, na sheria inamruhusu.

Ukishamlipia, saa inahamia kwako. Kuku wa moto asikae nje ya friji zaidi ya masaa mawili, na kama hali ya hewa imevuka nyuzi 32, saa moja tu. Gari lililoegeshwa juani wakati wa kiangazi huvuka hapo bila shida. Ukifika nyumbani mchambue angali vuguvugu, maana minofu hutoka kwenye mfupa kwa urahisi kuliko akishaganda. Mapaja weka kando, kidari kando, mifupa na ngozi kando. Kwenye friji atakaa siku tatu hadi nne. Kitakachozidi hapo kiingie kwenye friza siku ile ile ya kwanza, usingoje mpaka uanze kukitilia shaka.

Hapa nizungumzie kiporo, kwa sababu tuna mazoea yetu. Nyumbani sufuria la mchuzi huchemshwa usiku, likafunikwa, likachemshwa tena asubuhi, na watu wakala vizuri miaka nenda miaka rudi. Mazoea hayo yana maana: kuchemsha kunaua bakteria walio hai. Lakini bakteria aitwaye Clostridium perfringens, mpenda nyama na supu, hutengeneza vijimbegu vinavyostahimili mchemko. Sufuria kubwa likipoa polepole juu ya jiko, vijimbegu hivyo vinaamka na kuzaana usiku kucha. Kwenye wali yuko mwingine, Bacillus cereus, ambaye huweza kuacha sumu isiyoharibiwa na moto hata ukiupasha upya. Basi supu igawe kwenye vyombo vipana na vifupi, ipoe haraka, iingie friji. Na wakati wa kupasha, pasha mpaka itoe mvuke hadi katikati, nyuzi 74.

Siku ya kwanza sipiki kuku, yeye ameshapikwa. Mapaja na mabawa yanaliwa na ugali na majani yale watu wa majimbo ya kusini mwa Marekani wanayoyaita collard, ambayo ni ndugu wa karibu kabisa wa sukuma wiki yetu. Yakate membamba, yakaange na kitunguu na nyanya, basi.

Siku ya pili ni ya kidari, na hapa ndipo wengi wanaharibu. Wanakitumbukiza kwenye mchuzi mwanzoni kama nyama mbichi, kinachemka nusu saa, kinageuka nyuzi. Nyama hii iingie mwisho. Kaanga kitunguu, tangawizi na kitunguu saumu, weka bizari na nyanya, mimina tui la kopo, liache liive mpaka mafuta yaelee juu, ndipo uweke minofu ichemke kidogo tu. Kamulia ndimu, ule na wali au chapati. Chumvi usitie mpaka uonje: kuku wengi wa supamaketi hudungwa maji ya chumvi kabla ya kuchomwa, na ukiongeza kidonge cha supu juu yake, mchuzi haulambiki.

Siku ya tatu ni ya mifupa, na mifupa ndiyo mali. Ichemshe pamoja na ngozi, karoti, pilipili manga na kipande cha tangawizi kwa saa moja na nusu, uchuje. Maji hayo yapikie pilau, na minofu iliyobaki ifukie kwenye wali dakika za mwisho, ukiwa umeshakauka. Au yanywe supu asubuhi ya Jumamosi na chapati, pilipili na ndimu. Mtu aliyeamka na theluji nje ya dirisha ataelewa ninachosema.

Nyama za kukatwa vipande vyembamba, kama bata mzinga au soseji za baridi, nazo hushushwa bei, hasa ncha zilizobaki kwenye mashine. Hizi nazinunua kwa tahadhari zaidi. Bakteria wa Listeria huendelea kukua hata ndani ya friji. Afrika Kusini mwaka 2017 na 2018 ilipoteza watu zaidi ya 200 kwa mlipuko wa Listeria uliotokana na poloni, soseji nene ya kule inayoliwa baridi, na walioumia sana walikuwa watoto wachanga. Mjamzito, mzee au mgonjwa asile nyama hizo bila kuzipasha moto sawasawa. Na kwa Waislamu, ambao ni wengi kati yetu, mashine inayokata bata mzinga mara nyingi ndiyo iliyokata nyama ya nguruwe dakika chache kabla. Uliza, na kama hakuna alama ya halali, achana nayo hata ikishuka bei vipi. Deli ina vingine.

Kuna viazi, kwa mfano. Vile vipande vinene vya kukaanga, vikishapoa havitamaniki, ngozi imelegea, ndani vimeganda, na vinauzwa karibu na bure. Vikatekate, virudishe kwenye kikaango chenye mafuta ya moto mpaka vikauke nje, mwagia mayai matatu yaliyopigwa, funika, geuza mara moja. Hiyo ni chipsi mayai kamili, na kachumbari pembeni inawatosha watoto wawili wenye njaa.