Obama kabla ya Washington: chaguzi zilizoamuliwa kabla ya siku ya kura

Asilimia 82, asilimia 89, asilimia 100. Hayo ndiyo matokeo ya Barack Obama katika chaguzi tatu alizogombea kiti cha Seneti ya jimbo la Illinois: 1996, 1998 na 2002. Ukiyatazama hivihivi utasema huyu alikuwa mtu asiyeshindika. Kazi yangu ni kuchambua matokeo ya chaguzi, na nasema bila kusita kwamba katika rekodi yake nzima, namba hizi tatu ndizo zenye habari chache kuliko zote. Kilichombeba ni fomu, kalenda na mipaka ya eneo lake la uchaguzi, mambo ambayo jedwali la kura halionyeshi.

Kwanza tuondoe mkanganyiko ninaoukuta mara nyingi kwa wasomaji wetu. Seneti ninayoizungumzia si ile ya Washington. Kila jimbo la Marekani lina bunge lake, na la Illinois hukutana Springfield, mwendo wa saa tatu hivi kwa gari kutoka Chicago. Lina maseneta 59 na wawakilishi 118. Halikai mwaka mzima, ndiyo maana Obama aliendelea kufundisha sheria Chuo Kikuu cha Chicago huku akiwa seneta. Eneo lake lilikuwa la 13, kusini mwa Chicago: Hyde Park ya wasomi, Kenwood, South Shore, pamoja na mitaa ya watu wa hali ya chini. Ni ngome ya chama cha Democratic. Mambo yalikuwa kama kwetu kwenye ngome ya chama chochote: ukishapita kura za maoni, umeshapita.

Basi swali la maana ni moja: alipitaje kura za maoni za Machi 1996?

Kiti kilikuwa cha Alice Palmer, mwanamke aliyeheshimika sana katika eneo lile. Mwaka 1995 mbunge Mel Reynolds alijiuzulu, na Palmer alikuwa akiiwania nafasi hiyo ya Washington. Akamuunga mkono Obama, wakili kijana, achukue kiti chake cha Springfield. Obama akatangaza nia Septemba. Novemba 28, kwenye kura za maoni za kujaza nafasi ya Reynolds, Palmer akaangushwa: Jesse Jackson Jr. alishinda, Emil Jones, seneta mwenzake wa Springfield, akawa wa pili, yeye akawa wa tatu. Siku chache baadaye watu wake wakamwendea Obama kumwomba akae pembeni mama arudi kwenye kiti chake. Obama akakataa.

Palmer akaingia ulingoni hivyo hivyo. Sheria ilitaka saini 757 za wapiga kura wa eneo hilo. Yeye, kwa haraka haraka, alirudisha fomu zenye saini 1,580, zaidi ya mara mbili ya kiwango. Kwa macho ya kawaida zilitosha. Lakini Chicago ina utamaduni wa zamani wa kuchunguza fomu za mpinzani, na kambi ya Obama ilikaa na daftari la wapiga kura ikapitia jina kwa jina. Huyu hajaandikishwa. Huyu anaishi nje ya eneo. Huyu ameandika jina kwa herufi za kuchapa badala ya kutia saini. Huyu alifutwa daftari liliposafishwa. Saini halali zilizobaki hazikufika 757. Pingamizi kama hilo liliwekwa dhidi ya wagombea wengine watatu, na wote wanne wakatoka. Obama akabaki peke yake kwenye karatasi ya kura na kupata kura 16,279. Novemba 1996, kwenye uchaguzi wenyewe, alipata kura 48,592 dhidi ya wapinzani wawili ambao hakuna aliyedhani wangeshinda.

Msomaji wa Tanzania hahitaji somo hapa, maana kuenguliwa tunakujua. Mgombea ubunge kwetu anadhaminiwa na wapiga kura wasiopungua 25 wa jimboni, na bado fomu zinakwama. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019 tuliona wagombea wengi wa upinzani wakienguliwa. Kuna tofauti ambayo lazima niitaje kwa haki: Chicago ni mpinzani mwenyewe aliyebeba mzigo wa kuthibitisha kasoro, saini moja baada ya nyingine. Alichofanya Obama kilikuwa halali kabisa. Hata hivyo msimamo wangu ni kwamba wapiga kura wa eneo la 13 walinyimwa mwaka ule uchaguzi ambao wangestahili kuupata, kati ya mama waliyemjua na kijana aliyeahidi makubwa. Sheria inayompa mgombea siku chache tu za kurekebisha kasoro ya saini ingewarudishia haki hiyo bila kumwonea yeyote.

Sasa kalenda, sehemu ambayo hata wachambuzi wazuri huiruka. Maseneta wa Illinois hawana kipindi cha aina moja. Katika kila miaka kumi baina ya sensa, viti hugawanywa makundi matatu: wengine huchaguliwa kwa miaka minne, minne, kisha miwili, wengine minne, miwili, minne, wengine huanza na miwili. Eneo la 13 lilikuwa kundi la kati. Kwa hiyo Obama aliyechaguliwa 1996 alirudi kwa wapiga kura 1998, akamshinda Yesse Yehudah wa Republican kwa kura 45,486 dhidi ya 5,526, na safari hii akapewa miaka minne. Maana yake mwaka 2000 alikuwa huru kugombea kitu kingine bila kuhatarisha kiti chake.

Na aligombea. Kwenye kura za maoni za ubunge wa Washington alimkabili mbunge Bobby Rush, aliyewahi kuwa kiongozi wa Black Panther, kundi la harakati za Wamarekani weusi, ambaye mwaka 1999 alikuwa amegombea umeya wa Chicago na kushindwa vibaya na meya Richard M. Daley. Obama aliona udhaifu. Alikosea mahesabu. Oktoba 1999 mtoto wa Rush aliuawa kwa risasi na eneo zima likamhurumia. Desemba, muswada wa kudhibiti silaha ulipoanguka Springfield kwa kukosa kura chache, Obama alikuwa Hawaii na familia, mtoto wake mgonjwa, na hakuwepo kupiga kura. Rais Clinton akamuunga mkono Rush. Matokeo ya Machi 2000: Rush 59,599, Obama 29,649. Asilimia 61 kwa 30.

Hapo ndipo ninapotaka mtu asimame. Palmer alipoteza kinyang'anyiro cha Washington na kupoteza kila kitu, kwa sababu kiti chake kilikuwa kinagombewa 1996 na fomu zilitakiwa Desemba 1995. Obama naye alipoteza vibaya, kisha kesho yake akarudi ofisini kama seneta mwenye zaidi ya miaka miwili mbele yake. Uwezo wao haukutofautiana kwa kiasi hicho. Kilichotofautiana ni mwaka wa kipindi waliokuwamo.

Kazi yake ya utungaji sheria ina sura mbili, na mstari unaozigawa ni Januari 2003. Kabla ya hapo Democratic walikuwa wachache katika Seneti, na miswada ya mchache huzikwa kamatini. Alichofanikiwa, kama sheria ya 1998 ya kuwabana wanasiasa kupokea zawadi, alikifanya kwa kushirikiana na Republican. Zile kura zake za “nipo”, yaani si ndiyo wala si hapana, ambazo wapinzani walimsakama nazo baadaye, zina maelezo yake: muswada Springfield huhitaji kura 30 za ndiyo kati ya viti 59, kwa hiyo “nipo” huuzuia muswada sawasawa na hapana.

Mwaka 2001 mipaka ilichorwa upya. Pande mbili zilipokwama, katiba ya Illinois iliagiza bahati nasibu, na bahati ikawaangukia Democratic. Eneo la 13 likavutwa kaskazini kandokando ya ziwa, likaingiza mitaa ya matajiri karibu na katikati ya jiji, watu wenye uwezo wa kuchangia kampeni kubwa. Mwaka 2002 Obama alipita bila kupingwa. Ramani hiyohiyo ikawapa Democratic wingi, Emil Jones akawa rais wa Seneti, na akamkabidhi Obama miswada mizito. Mmoja ni wa kurekodi kwa video mahojiano ya washukiwa wa mauaji, katika jimbo ambalo watu 13 walikuwa wameondolewa kwenye orodha ya waliohukumiwa kifo baada ya kuonekana hawakustahili kuwamo. Polisi waliupinga mwanzoni. Obama alikaa nao, akarekebisha vifungu, na Seneti ikaupitisha bila kura hata moja ya kupinga. Kwangu mimi hii ndiyo kazi yake bora Springfield, kuliko hotuba yoyote.

Mwaka 2004 kalenda ilimpa tena nafasi ya kujaribu bila hasara. Kipindi chake kilikuwa hadi Januari 2007. Kura za maoni za Seneti ya Marekani alizipata kwa asilimia 53 katika kundi la wagombea saba. Novemba akamshinda Alan Keyes, asilimia 70 kwa 27, baada ya mgombea wa kwanza wa Republican kujitoa.

Alijiuzulu kiti cha Springfield siku chache baadaye. Kwa kuwa muda uliobaki haukuzidi miezi 28, katiba ya jimbo haikudai uchaguzi mpya. Viongozi wa Democratic wa eneo hilo wakamteua Kwame Raoul, wakili aliyezaliwa na wazazi kutoka Haiti, ambaye leo ni Mwanasheria Mkuu wa Illinois. Palmer naye aliingia kwenye kiti kilekile kwa kuteuliwa, mwaka 1991.