Chura wa Kihansi na kanga: wingi si kibali

Kila tunapokutana na wananchi, maswali ni yaleyale mawili. Kwa nini fedha zote hizo zitumike kumwokoa chura wa Kihansi? Na kanga wamejaa porini, kuna ubaya gani kuokota mayai yao?

Kanga yupo karibu kila penye nyika kusini mwa Sahara. Hutaga chini, kwenye kishimo alichokiparua nyasini, mara nyingi mayai 6 hadi 12. Moto ukipita juu ya kiota, kanga wa bonde la pili wanaendelea kutaga.

Chura wa Kihansi hakuwa na bonde la pili. Aligunduliwa mwaka 1996 katika korongo la Mto Kihansi, milima ya Udzungwa, Tanzania, kwenye hekta 2 hivi zilizoloweshwa na manyunyu ya maporomoko. Jike, ambalo halifiki sentimita 3, halitagi. Huzaa vichura vya milimita 5 hivi, vimekamilika, miguu yote minne ipo. Mwaka 2000 maji yakaelekezwa kwenye mitambo ya umeme na manyunyu yakapungua. Vinyunyizio viliwekwa, lakini mwaka 2003 chura hao walipukutika, na ugonjwa wa kuvu wa ngozi ukabainika. Mwaka 2009 akatangazwa ametoweka porini. Kizazi kiliokolewa na chura wapatao 500 waliokuwa wamepelekwa Marekani mwishoni mwa 2000. Wazao 100 walirejeshwa Dar es Salaam mwaka 2010, na miaka miwili baadaye wakaanza kurudishwa korongoni. Kwa hiyo tafadhali, "chura ni chura tu" si hoja.

Kuhusu mayai: chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009, nyara, yaani mnyamapori au sehemu yake yoyote, si pembe na meno ya tembo peke yake. Nyama ni nyara, unyoya ni nyara, yai ni nyara. Kuwinda bila leseni ni kosa; kukutwa na nyara ya Serikali bila hati ni kosa jingine, na adhabu, yaani faini, kifungo au vyote viwili, hupanda kulingana na thamani ya nyara. "Niliyaokota tu njiani" si kibali. Anayetaka kufuga kanga wa porini amwone kwanza afisa wanyamapori wa wilaya, kabla ya kukamata, si baada.

Na anayepata ruhusa ya kuingia korongoni asugue viatu na kuvitia dawa kabla ya kushuka. Kuvu husafiri na tope bichi lililoganda kwenye soli, hata soli ya mtaalamu.