Figo mpya, na ile kabamazepini ya bei nafuu

Waliopandikizwa figo wakiandikiwa dawa ya sonona au bipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi) huja kwangu dirishani na swali lilelile: hii haitaharibu figo yangu? Nyingi hazina neno. Mimi mfamasia ninayoiogopa kwanza ni kabamazepini, dawa ya kifafa na bipola inayopatikana kirahisi na kwa bei nafuu.

Takrolimasi na saiklosporini, zinazozuia mwili usiikatae figo, huvunjwa na kimeng'enya cha ini na utumbo kiitwacho CYP3A4. Kabamazepini hukiongeza kimeng'enya hicho. Mgonjwa anameza vidonge vyake asubuhi na jioni, hajaruka hata kimoja, kumbe kiwango cha dawa hizo za kulinda figo kwenye damu kinashuka tu. Hasikii maumivu, mara kreatinini, taka ya damu inayoonyesha figo inafanyaje kazi, imepanda.

Kuiacha kabamazepini nako kuna mtego. Kimeng'enya huchukua wiki mbili tatu kurudi kawaida, na ikiwa takrolimasi iliongezwa ili kufidia, sasa inazidi: mikono inatetemeka na figo yenyewe inaumia. Ndiyo maana nang'ang'ania damu ipimwe mara kadhaa, unapoanza na unapoacha.

Wapenda mitishamba nao wasinipite. Mwaka 2000 madaktari wa Zurich waliripoti wagonjwa wawili waliopandikizwa moyo ambao miili yao ilianza kuukataa. Walikuwa wakitumia St John's wort, mmea wa kutuliza sonona, uliowashushia saiklosporini kwa njia hiihii.

Kwa sonona, mimi hupendekeza setralini mara nyingi. Fluvoksamini naikwepa, maana inaweza kupandisha takrolimasi. Lithiamu, dawa ya bipola, hutoka kwa njia ya figo, hivyo figo ikilegea hujaa mwilini na kuwa sumu. Klozapini, dawa ya skizofrenia (ugonjwa wa akili wa kusikia sauti), pamoja na azathioprini, nyingine ya kuzuia mwili usiikatae figo? Zote mbili zinaweza kushusha chembe nyeupe za damu. Hapo sikubali mpaka daktari wa figo na wa akili wazungumze.

Halafu kuna prednisoloni, dawa ya steroidi ambayo nayo huzuia mwili usiikatae figo. Usingizi ukipotea, au mtu akianza kusikia sauti, kabla ya kuongeza dawa ya akili tazama dozi yake. Utafiti wa Boston wa 1972 uliona matatizo ya akili kwa takriban 1 kati ya 100 waliotumia hadi miligramu 40 za prednisoni, dawa pacha yake, kwa siku, na kwa 18 kati ya 100 waliozidi 80. Lakini usiipunguze mwenyewe: ukiitumia muda mrefu, tezi za adrenali, zilizo juu ya figo na zinazotengeneza homoni kama hiyo, huzembea, na kuikata ghafla kunaweza kukushusha presha ukaanguka.