Mlowezi wa ufukweni: maana yake katika Pasifiki ya enzi za uvuvi wa nyangumi

Mlowezi wa ufukweni alikuwa Mzungu aliyeachana na meli, akaishi kisiwani kwa wenyeji chini ya ulinzi wa chifu. Waingereza waliwaita watu hao kwa neno beachcombers, yaani "wachakura ufukwe". Ni jina la dharau, tena linapotosha: hawakuishi kwa kuokota vilivyotupwa na bahari, waliishi kwa hisani ya mwenyeji wao.

Baadhi yao walivunjikiwa na meli, wengine walikuwa wafungwa waliotoroka Australia. Wengi walizikimbia meli za kuvua nyangumi, ambako safari ilichukua hata miaka 3 au 4, na baharia hulipwa fungu lake mwisho wa safari. Akitoroka, fungu linapotea. Nahodha naye humwahidi chifu zawadi ili amrudishe, kwa hiyo mtoro alikuwa salama pale tu chifu alipomwona ana faida: anatengeneza bunduki za gumegume, anatafsiri, anaingiza meli bandarini bila kugonga miamba.

Huko Fiji, Charles Savage, aliyefika baada ya meli Eliza kuvunjika mwaka 1808, aliwapigania watu wa kisiwa cha Bau kwa bunduki, akauawa vitani 1813. David Whippy, Mmarekani wa kisiwa cha Nantucket, alikaa Levuka, bandari ya Fiji, tangu miaka ya 1820, akaunda mashua na kuwa mkalimani. Alifariki 1871.

Mfanyabiashara ni mtu mwingine: yeye ana meli, bidhaa na mkopo. Tazama biashara ya jongoo bahari, wanyama laini wa baharini wanaoliwa, waliouzwa Manila na China. Chifu ndiye aliyetoa watu wa kuwaokota maji yakipwa, akalipwa bunduki, baruti na meno ya nyangumi, ambayo Wafiji huyaita tabua na kuyaheshimu mno. Jongoo walipasuliwa, wakatolewa matumbo, wakachemshwa katika masufuria makubwa ya chuma, kisha wakaanikwa juu ya chanja ndani ya banda refu lenye moto usiku na mchana. Moto ukizimika, au jongoo wakipakiwa wangali na unyevu, wanaoza melini na shehena nzima inaharibika. Kazi hiyo iliteketeza kuni nyingi mno.

Bila mtu anayejua lugha na anayeaminiwa na chifu, banda hilo halikujengwa. Hapo ndipo mlowezi alipogeuka dalali, kisha mfanyabiashara. Whippy aliishia kuwa makamu wa konseli, yaani naibu mwakilishi wa serikali, wa Marekani.