Misaada ya Nje Inapopungua: Namna ya Kuzisoma Takwimu Zake

Wakaazi wa Goma, mashariki mwa Kongo, wanaouliza kwa nini mradi fulani umefungwa kabla ya wakati hujibiwa kwamba fedha zimekwisha. Jibu hilo ni la kweli lakini halitoshi, kwa kuwa mara nyingi uamuzi umepitishwa katika bajeti ya nchi ya mbali, kwa sababu zisizohusiana hata kidogo na mahitaji ya Kivu.

Mwaka 1970 Umoja wa Mataifa uliweka lengo kwamba nchi tajiri zitoe asilimia 0.7 ya pato lao la taifa. Zaidi ya nusu karne baadaye, mwaka 2024, ni Norway, Luxembourg, Sweden na Denmark pekee zilizolifikia. Nchi wafadhili zilizo katika kamati ya misaada ya OECD, jumuiya ya nchi ambazo nyingi ni tajiri, zilitoa mwaka huo takribani dola bilioni 212, yaani asilimia 0.33 ya pato lao, na misaada ikashuka baada ya kupanda miaka mitano mfululizo. Uingereza, ambayo tangu 2021 ilikuwa imeteremka hadi asilimia 0.5, ilitangaza Februari 2025 kwamba itafika 0.3 mwaka 2027 ili kuongeza fedha za ulinzi.

Hata hizo bilioni 212 hazikuvuka mipaka zote. Gharama za kuwahudumia wakimbizi ndani ya nchi tajiri, kwa mwaka wao wa kwanza, huhesabiwa kuwa msaada, na mwaka 2024 zilizidi sehemu moja ya kumi ya jumla. Kuwapokea wakimbizi ni wajibu mwema. Hata hivyo naona hesabu hiyo inapotosha, kwa sababu dola hiyo haichimbi kisima Rutshuru wala hailipi muuguzi Masisi.

Kwetu pigo kubwa lilitoka Marekani, iliyolipia takribani asilimia 70 ya misaada ya kibinadamu nchini Kongo mwaka 2024. Ilisitisha misaada yake Januari 2025, mwezi uleule vita vilipoingia Goma, na tarehe 1 Julai shirika lake la USAID, lililoundwa 1961, likakoma rasmi kuendesha misaada hiyo. Maana yake huonekana kwenye rafu ya kituo cha afya, mahali pa kuweka kasha la dawa za mtu aliyebakwa: vidonge vya kuzuia VVU, ambavyo ni lazima vianzwe ndani ya saa 72, dawa za magonjwa ya zinaa na kinga ya mimba. Kasha likikosekana siku hizo tatu, shehena itakayofika mwezi unaofuata haiwezi kumkinga tena mtu huyo dhidi ya VVU.

Kwa hiyo, wajumbe wa kamati za afya wana haki ya kumuuliza kila mshirika mambo matatu, nayo yaandikwe katika kumbukumbu za kikao: mkataba wa mfadhili unaisha tarehe gani, akiba ya dawa iliyobaki inatosha miezi mingapi, na nani atakayenunua shehena itakayofuata.